Dhumuni la Barua Hii: Kufundisha Kiingereza Kinachoeleweka

Ndugu msomaji, kabla hatujafika mbali, fungua simu yako utafute barua pepe ya mwisho uliyoiandikia ofisi yoyote kwa Kiingereza. Hesabu mistari kuanzia juu mpaka pale ombi lako linapoonekana. Mimi nimeihesabu ile niliyomwandikia mhadhiri nikiwa mwaka wa kwanza, alama zangu za jaribio zilipokuwa hazionekani kwenye mfumo. Ombi liko mstari wa kumi na moja. Mistari kumi ya juu namtakia afya njema, najitambulisha, naeleza kwa unyenyekevu jinsi nilivyopata heshima ya kumwandikia. Jibu lake lilikuwa maneno mawili: "Unataka nini?"

Siku ile niliona nimetukanwa. Leo, baada ya wiki nane za mazoezi ya kufundisha, naona lilikuwa swali zuri kuliko yote niliyoulizwa mwaka ule.

Makala hii nawaandikia kwanza wenzangu wa elimu wanaojiandaa kwenda TP, hasa wenye somo la Kiingereza. Ila hata wewe wa uhasibu au kilimo usifunge ukurasa. Barua ya kuomba nafasi ya field inakuhusu, na pendekezo la utafiti la mwaka wa tatu linakuhusu zaidi.

Barua 62, kumbe ni moja

Nilipangiwa shule ya kata mkoani Morogoro, kidato cha tatu, mkondo wenye wanafunzi 62. Wiki ya kwanza mada ilikuwa barua ya kuomba kazi. Nikafundisha kama nilivyofundishwa mimi: anwani ya mwandishi juu kulia, tarehe, anwani ya mwandikiwa kushoto, salamu, kichwa cha habari, kiini, mwisho, sahihi. Nikachora ubaoni, wakanakili, nikatoa zoezi. Kuna tangazo la kazi ya kuuza duka la vifaa vya shule. Iandike barua ya kuiomba.

Madaftari yalipokuja, muundo ulikuwa safi. Tarehe mahali pake, sahihi mahali pake. Nikafurahi mpaka nilipoanza kusoma. Karibu zote zilianza na "With reference to the heading above", zikafuata na "I am a Tanzanian citizen", zikaishia kwenye ahadi ya kufanya kazi kwa bidii na uaminifu. Watatu waliomba kazi ya uuguzi! Swali walilisoma vizuri, tatizo walidesa barua ya uuguzi kutoka daftari la kaka au dada, na hawakuielewa kiasi cha kujua ni wapi pa kubadilisha.

Kilichoniumiza zaidi ni hiki: hakuna hata mmoja aliyeandika kwamba anajua kurudisha chenji. Wakati wengi wao jioni wanakaa kwenye genge la mama, wanapiga hesabu kichwani haraka kuliko mimi na simu yangu. Sifa ya kazi walikuwa nayo. Haikuingia kwenye barua kwa sababu haikuwemo kwenye barua ya mfano.

Tuseme ukweli, hivi ndivyo tunavyofundishwa na ndivyo tunavyokwenda kufundisha. Barua tunaifanya kama fomu ya kujaza. Mwanafunzi anajua tarehe inakaa wapi, ila hajaulizwa hata mara moja anataka kumwambia nini huyo atakayeisoma.

Binti aliyeleta barua isahihishwe

Wiki ya tatu, wakati wa mapumziko, binti mmoja wa darasa lile alikuja ofisini.

"Shikamoo madam."

"Marahaba mdogo wangu, karibu."

Alikuwa na barua ya ukurasa mmoja. Kuna kikundi cha wafadhili nje ya nchi kinamsaidia sare na madaftari, na kila mwaka lazima awaandikie barua kwa Kiingereza. Alitaka nimwekee sawa sarufi. Nikasoma. Anawashukuru, anawatakia heri, anasema mvua zimeanza, anasoma kwa bidii, Mungu awabariki. Nikasahihisha mahali saba kwa kalamu nyekundu, nikawa namrudishia. Halafu, kama mazungumzo tu, nikamuuliza kwa Kiswahili: "Na mwaka huu hasa unahitaji nini?"

Alinyamaza kidogo, kisha akaongea kama dakika moja bila kukatika. Anatembea karibu saa mbili kuja shule na saa mbili kurudi. Wakitoka masomo ya ziada saa kumi na moja, anafika nyumbani saa moja, giza limeshaingia, na njia ina kipande cha mashamba ya miwa. Hosteli ya shule ina nafasi, lakini mchango wa chakula mama yake hauwezi. Ada ya shule za serikali ilifutwa mpaka kidato cha nne tangu mwaka 2016, ila kitanda na ugali wa hosteli ni hesabu nyingine. Mama ameshasema muhula ukiisha "apumzike kwanza". Kwa tuliokulia vijijini, neno kupumzika hapo halihitaji tafsiri. Binti akipumzika kidato cha tatu, anayerudi darasani ni wa kuhesabu.

Nikaitazama tena barua. Katika yote hayo, hakuna hata neno moja lililokuwemo.

"Sasa mbona hukuandika?"

"Madam, kwa Kiingereza sijui inaandikwaje. Na kwenye mfano haipo."

Nilikuwa nimesahihisha makosa saba, na kosa lenyewe nilikuwa nalirudisha likiwa zima.

Hatua nne tulizofuata

Siku mbili zilizofuata tulikaa na barua ile baada ya vipindi. Baadaye nikazipeleka hatua zile zile kwa darasa zima. Naziandika hapa ili ukizikuta zinafaa uzitumie.

Hatua ya kwanza: dhumuni lisemwe kwa mdomo. Unakumbuka barua ya kirafiki ya shule ya msingi? Baada ya salamu tuliandika, "Dhumuni la barua hii ni..." Tulikuwa tunaicheka sentensi ile, lakini tazama ilikuwa inafanya kazi gani. Salamu zikiisha, haizunguki, inamwambia msomaji kwa nini umemwandikia. Adabu imo na ombi limo. Tulipohamia Kiingereza tulibeba salamu tukaliacha dhumuni njiani. Kwa hiyo nikamwambia binti amalizie sentensi ile kwa Kiswahili, mara moja, bila kuandika. Akasema: "Dhumuni la barua hii ni kuwaomba mnilipie chakula cha hosteli ili nisiache shule." Hapo tayari barua ilikuwa imepatikana.

Hatua ya pili: msomaji ni nani na hajui nini? Mimi nikisikia "hosteli ya shule ya kata" naona picha. Yule wa ng'ambo haoni. Hajui kwamba hakuna basi, wala kwamba shule haitozi ada lakini chakula cha hosteli kinachangiwa. Tuliorodhesha maswali ambayo angeuliza kama angekuwa amekaa mbele yetu: Ni mbali kiasi gani? Kwa nini mama hawezi? Ni kwa muda gani? Kila swali likapata jibu moja.

Hatua ya tatu: Kiswahili kiwekwe pembeni. Hapa wengi tunateleza. Tukishapata hoja kwa Kiswahili tunataka kuitafsiri neno kwa neno, na matokeo yake ni sentensi ndefu isiyo Kiingereza wala Kiswahili. Nilimwambia afunge karatasi ya maswali, aandike kwa maneno ya Kiingereza aliyonayo tayari, sentensi moja jambo moja, nukta. Akaandika: "I walk two hours to school. I reach home at seven, in the dark. The school has a hostel, but my mother cannot pay for the food." Sikumwongezea neno. Ni maneno anayoyajua tangu kidato cha kwanza, na mtu yeyote duniani anayejua Kiingereza angeelewa.

Hatua ya nne: sarufi ije mwisho, na ianze na makosa yanayoharibu maana. Mengi kati ya hayo yanatoka kwenye Kiswahili chetu wenyewe, na mwanafunzi akionyeshwa chanzo anaacha kujiona mjinga. Mifano mitatu niliyokutana nayo kila siku ni hii.

Kwanza, Kiswahili kinamweka mtenda ndani ya kitenzi. Katika "mama analima", ile a- ni lazima iwepo. Mwanafunzi anaihamisha, anapata "My mother she cultivates". Kiingereza mtenda akishatajwa kinatosheka.

Pili, "nimemaliza darasa la saba mwaka 2021" ni Kiswahili safi. Ukiibeba -me- hiyo unapata "I have finished", na Kiingereza hakikubali umbo hilo likae pamoja na mwaka uliopita uliotajwa. Kinataka "I finished".

Tatu, "yeye" yetu haibagui mume na mke. Binti wangu aliandika kuhusu mama yake, sentensi ya pili akamwita "he". Kwetu ni kosa dogo. Kwa msomaji wa mbali, ghafla kuna mwanamume ndani ya nyumba ambaye hajatambulishwa, na pengine ana kipato!

Barua ilipoisha ilikuwa na sentensi tisa. Salamu na shukrani zilibaki, maana hatumfundishi mtoto kukosa adabu. Ombi lilikuwa sentensi ya tatu.

Siku nilipokaguliwa

Wiki ya tano mhadhiri alikuja kunikagua. Alinikuta dakika za mwanzo za kipindi, darasa zima linasema madhumuni yao kwa Kiswahili, mlangoni kuna kibao kinachoagiza kuzungumza Kiingereza tu. Unaweza kukisia kilichoandikwa kwenye fomu yangu. Alama za lugha ya kufundishia zilishuka, na nikaambiwa kwamba mwalimu wa Kiingereza akizungumza Kiswahili darasani anawanyima wanafunzi nafasi ya pekee waliyo nayo ya kusikia Kiingereza.

Nilinuna siku nzima. Usiku nikakubali kwamba nusu ya maneno yake ni kweli. Wanafunzi hawa wamesoma miaka saba ya shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza masomo karibu yote yanageuka Kiingereza. Nje ya darasa hawakisikii. Nikiwajazia Kiswahili dakika 40 nitakuwa nimewaibia. Lakini nusu nyingine sikubaliani nayo. Ukimlazimisha mtu atafute hoja na lugha kwa wakati mmoja, huku lugha hana, atakimbilia kilicho tayari, yaani barua ya uuguzi ya dada yake. Tangu siku ile nilijiwekea kipimo: dakika 10 za kutafuta hoja kwa Kiswahili, kwa mdomo tu. Kalamu ikishikwa, Kiswahili kinatoka. Zoezi lile la duka nilipolirudia mwishoni mwa mwezi, sikupata muuguzi hata mmoja. Kiingereza kilikuwa bado kinachechemea, lakini kila barua ilikuwa na mtu ndani yake. Mmoja aliandika kwamba anajua bei ya kila daftari kwa sababu ndiye anayewanunulia wadogo zake.

Kiingereza kizito si Kiingereza kizuri

Wenzangu wa chuo, tusiwacheke madogo wa kidato cha tatu. Sisi tumebadilisha tu saizi ya maneno. Tunaamini Kiingereza cha msomi lazima kiwe kizito, na ikiwezekana msomaji asielewe mara ya kwanza, ndipo ajue tumesoma. Wenye lugha yao wamekuwa wakiupiga vita uzito huo kwa muda mrefu. George Orwell mwaka 1946 aliandika insha nzima akilalamikia Kiingereza cha kujificha, akashauri neno refu lisitumike pale fupi linapotosha. Uingereza kuna kampeni ya Kiingereza cha wazi iliyoanza mwaka 1979. Marekani walifika mpaka kutunga sheria, mwaka 2010, inayozitaka idara za serikali kuu ziwaandikie wananchi kwa lugha inayoeleweka. Kwa hiyo unapoandika sentensi ya mistari sita kwa kudhani unaandika kama Mwingereza msomi, ujue wapo Waingereza wasomi wanaoikimbia.

Na hapa nyumbani, matangazo ya kazi ya Sekretarieti ya Ajira huruhusu barua ya maombi iandikwe kwa Kiswahili au kwa Kiingereza. Maana yake ni nini? Anayeisoma hapimi uzito wa maneno yako. Anatafuta kama una sifa zilizotajwa. Ukizificha chini ya heshima na unyenyekevu, hana muda wa kuchimba.

Pendekezo la utafiti ni shamba

Mwaka wa tatu ndio huu, kila chumba cha hosteli kina mtu anayelia na utangulizi wa utafiti wake. Wengi tunaanza na umuhimu wa elimu duniani, tunashuka Afrika, tunapita uhuru wa Tanganyika mwaka 1961, na ukurasa wa nne msimamizi bado hajajua tunataka kuchunguza nini. Ni mstari wa kumi na moja ule ule, umekua tu.

Mtaalamu John Swales, katika kitabu chake cha mwaka 1990 kuhusu aina za maandishi ya kitaaluma, alionyesha kwamba utangulizi wa makala za utafiti hupitia hatua tatu. Mimi nazikumbuka kwa shamba. Hatua ya kwanza, onyesha shamba lenyewe: mada ni hii, na wengine wamelima hapa na hapa. Ya pili, onyesha kipande ambacho hakijalimwa. Ya tatu, sema wewe utalima kipande hicho, na kwa jembe gani. Ukiwa na sentensi moja ya wazi kwa kila hatua, una uti wa mgongo wa utangulizi wako. Nyama utaiongeza baadaye.

Kisha fanya jaribio hili. Soma sentensi ya kwanza tu ya kila aya, uruke zingine zote. Kama sentensi hizo peke yake zinasimulia hoja yako kuanzia mwanzo hadi mwisho, kazi yako inaeleweka. Zikiwa zinarukaruka, usihangaike kutafuta neno zuri zaidi kwenye kamusi. Rudi kwenye dhumuni. Mwambie mwenzako wa chumba, kwa Kiswahili, unachotaka kuchunguza. Akikuuliza "kwa hiyo?", jibu utakalompa ndilo linalokosekana kwenye ukurasa.

Jibu lililokuja

TP iliisha kabla binti hajajibiwa. Wiki iliyopita mwalimu niliyemwachia darasa alinitumia ujumbe. Miaka yote wafadhili walikuwa wanajibu kwa kadi yenye salamu. Safari hii wameandika mistari miwili: wanauliza chakula cha hosteli kwa mwaka ni shilingi ngapi, na shule inapokea malipo kwa njia gani.

Ninapoandika, pesa bado haijafika na binti bado anatembea. Lakini mtu anayeuliza bei ameelewa kilichoombwa. Kadi zile nzuri zilikuwa majibu sahihi kwa barua zile nzuri. Hakuna aliyekataa kumsaidia. Hakuwahi kuombwa.

Basi zoezi la wiki hii ni fupi. Chukua ile barua pepe uliyoifungua mwanzoni. Iandike upya, ombi lako lisivuke mstari wa tatu, na kila sentensi ibebe jambo moja. Ukishindwa, usiende kwenye kamusi kwanza. Funga simu, ujiulize lile swali nililoona ni tusi.

Mwandishi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, shahada ya ualimu, somo la Kiingereza.